Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni, Kaunti ya Kisumu: Kabla ya Tingatinga, Ije Futikamba

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia Utamaduni,
Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

KUH: MAGOFU YALIYO KANDO YA RELI

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia, na siku ya Jumamosi hunipati nyumbani. Huwa natembea na wanafunzi kando ya reli, kutoka Kibos kuelekea Muhoroni, tukitafuta magofu. Tukilifikia gofu, mchezo ni mmoja: hapa palikuwa nini? Ni mwiko kumuuliza mwenyeji kabla kila mtoto hajatoa dhana yake na kuonyesha ushahidi, hata kama ni tundu la msumari.

Nakuandikia kwa sababu majengo haya yanabomolewa kabla hayajasomwa.

Kuna kibanda cha mawe hatua chache kutoka relini. Hakina dirisha, na kimejitenga na jengo la kituo kama mtu aliyegombana na nduguze. Watoto wote walisema choo. Msichana mmoja akakataa: choo gani hakina shimo? Yeye akadhani ni jela, nami mwalimu mzima nikamuunga mkono. Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu, kibarua wa reli wa zamani, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kilikuwa chumba cha taa. Taa za ishara ziliwashwa kwa mafuta, na mafuta hayakuruhusiwa kulala nyumba moja na mizigo ya watu. Hapo ndipo tulipoona tulichokuwa tukikitazama nusu saa nzima: masizi juu ya rafu za chuma, na weusi sakafuni ambao mvua za miaka hazikuufuta.

Lililotushinda zaidi ni banda moja refu la mabati. Sitasema liko wapi, maana wanunuzi wa vyuma vikuukuu nao wanasoma. Wenyeji huliita kanisa la wazungu, na ukiwa mbali utawaamini, kwa kuwa juu ya paa kuna kipaa kingine kidogo kilichoinuka. Lakini kanisa gani lina jukwaa la saruji nje linalokufika kiunoni, sawasawa na bodi ya lori? Ndani, boliti zimesimama sakafuni nne nne, na kutoka kundi moja hadi jingine ni hatua zilezile. Chini yake kuna handaki jembamba linalopita urefu wote wa banda. Wavulana wakasema kinu cha posho. Walikaribia. Ilikuwa jineri ya pamba. Injini moja ilizungusha shafti ndani ya lile handaki, mikanda ikaendesha mashine zote za kutenga nyuzi na mbegu. Kipaa cha juu kilikuwa cha kutolea vumbi la pamba, kwa kuwa likirundikana, cheche moja yatosha kuteketeza kila kitu. Ndiyo sababu chumba cha injini kimewekwa nyuma ya ukuta mnene kuliko kuta nyingine zote.

Mmoja wa wanafunzi akaenda kumsimulia dani yake, yaani nyanya yake. Jumatatu alirudi na habari isiyokuwa katika kitabu chochote nilichosoma: bibi huyo alikuwa akileta pamba pale kichwani akiwa msichana, mizani ilisimama upande wa jukwaa, na wanawake walijua karani yupi huweka mguu kwenye mizani.

Mheshimiwa, reli ilifika hapa Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence na eneo hili likihesabiwa bado kuwa upande wa Uganda. Mwaka uliofuata ndipo tulipohamishiwa kwenye himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Zikafuata meli za ziwani, maduka ya Wahindi, pamba, kisha kiwanda cha miwa Miwani katika miaka ya 1920. Kila kimoja kilijenga kwa umbo lake. Duka la Kihindi utalijua kwa baraza, milango mingi mbele, ua nyuma, na mwaka ulioandikwa kwa plasta juu ya paji la ukuta. Nyumba ya serikali huandikwa herufi: HG ya wakubwa, LG ya wadogo. Hata cheo kilijengewa kuta zake.

Sisemi kila ukuta uhifadhiwe. Mengine ni hatari tupu, yana paa za asbesto, mashimo yaliyojificha kwenye nyasi, na nyuki. Mengine yana wenyewe, na hayo hatuingii bila ruhusa. Wachuuzi nao wanahitaji mahali pa kuuzia. Lakini mwaka jana tulirudi kwenye nyumba tuliyokuwa tumeipima nusu, tukakuta kokoto.

Majengo ya kale yenye uzito wa kitaifa yana sheria yake, ile ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Banda letu la pamba halitafika huko, wala sitarajii. Ila Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti makavazi na mambo ya utamaduni, kwa hiyo banda hili ni lako. Naomba kabla kibali cha kubomoa jengo kuukuu hakijatoka, mtu mmoja atumwe na kamera na futikamba, apige picha kila ukuta, achore vyumba, kisha akae na wazee wawili watatu wa pale. Kazi ya siku mbili. Karatasi zake ziwekwe mahali ambapo mtoto wa shule akiziomba ataonyeshwa. Na maduka ya zamani yakipakwa rangi, fundi aambiwe asiuzibe ule mwaka.

Mzee wa chumba cha taa anadai analijua pia jengo la ng'ambo ya daraja, ambalo hadi leo hatujakubaliana kama lilikuwa zizi au bohari. Amekataa kutuambia, anataka tukisie kwanza. Tunakwenda Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Ukiweza kufika, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga. Kuna upupu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Historia, Kibos.