Unga wa protini hauchukui nafasi ya unga wa ngano kikombe kwa kikombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mapishi ya keki, mafini (keki ndogo za kikombe) na biskuti zinazoitwa za protini nyingi. Mengi yanamwambia msomaji aondoe unga wa ngano, aweke unga wa protini kwa kipimo kilekile, apunguze mafuta na sukari hadi visibaki, kisha aoke kama siku zote. Anayefuata maelekezo hayo hutoa kwenye oveni kitu kikavu kinachovutika kama raba, halafu hujilaumu kuwa hajui kuoka. Hana kosa. Pishi lenyewe ndilo bovu.

Keki ya kawaida husimama kwa sababu wanga wa ngano hufyonza maji na kuvimba ukipata joto, na gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, hushika hewa isitoroke. Sukari na mafuta kazi yake si utamu na ladha peke yake. Mafuta huzuia gluteni isikaze, na sukari hushikilia unyevu na kuchelewesha kuganda kwa protini. Sasa chukua unga wa wei, yaani protini inayopatikana katika maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Hauna wanga wala gluteni. Ukiwa baridi huyeyuka tu ndani ya rojo. Joto likifika nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi huganda, na likiendelea kupanda hujikaza na kukamua maji nje. Ndiyo sababu mafini ya wei huonekana mbichi kwenye dakika ya 15 na kavu kwenye dakika ya 20. Ukiwa tayari umeondoa sukari na mafuta, hakuna tena kitu cha kuyaokoa.

Kanuni ninayoiamini ni hii: unga wa wei usizidi robo ya uzito wa unga wote mkavu. Ukitaka protini zaidi ya hapo, itafute kwenye mayai, mtindi mzito uliochujwa, unga wa dengu au maziwa ya unga, kila kimoja kwa kiasi chake. Na upime kwa mizani. Kikombe cha unga wa protini kinaweza kuwa gramu 80 au gramu 120 kutegemea kimeshindiliwa vipi, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuharibu trei nzima.

Aina ya unga nayo ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kaseini, ambayo pia hutoka kwenye maziwa, hunywa maji mengi na kulifanya rojo kuwa zito. Protini ya njegere na ya soya nazo hunywa sana, na huacha ladha ya udongo kwa mbali. Anayebadilisha wei kwa mojawapo ya hizi bila kugusa kitu kingine hupata mafini yanayomung'unyuka mkononi. Apunguze unga huo hadi robo tatu ya kipimo cha wei, kisha aongeze mililita 45 hadi 60 za maziwa au maji, na aliache rojo dakika kumi alione kabla ya kuamua kama linahitaji zaidi.

Kwa anayetaka pa kuanzia, vipimo hivi vinatoa mafini 10. Unga wa ngano gramu 120. Oti zilizosagwa gramu 60. Unga wa wei usio na ladha gramu 60. Sukari gramu 70. Bekingi pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, bekingi soda robo kijiko, chumvi robo kijiko. Kwa upande wa majimaji: mayai 2, mtindi mzito uliochujwa usio na mafuta gramu 200, ndizi mbivu iliyopondwa gramu 100, mafuta ya kupikia gramu 40, na vanila kidogo.

Anza kwa kuchanganya oti na mtindi, uache kwa dakika 15. Oti zisipolowa mapema zitafyonza maji ndani ya oveni, na ni maji hayohayo uliyoyahesabia keki. Chekecha unga wa ngano, wei, bekingi pauda, bekingi soda na chumvi pamoja, maana wei hufanya madonge ambayo mwiko hauyavunji. Piga mayai, sukari, mafuta, ndizi na vanila, tia mtindi wenye oti, kisha mimina mchanganyiko mkavu na ukoroge kwa mwiko mpaka usione tena unga mkavu. Ukomee hapo. Mashine ya kupigia keki usiitumie katika hatua hii, kwa sababu wei hutoa povu kwa urahisi. Povu hilo huinua mafini vizuri kwenye oveni, na ukiyatoa tu hunywea katikati. Rojo linatakiwa lidondoke mwikoni taratibu kwa mafungu. Likigoma kudondoka, ongeza maziwa vijiko viwili vya chakula.

Gawa rojo kwa mizani, gramu 75 au 76 kila kikombe. Vikombe vya karatasi vya kawaida hung'ang'ania keki yenye mafuta machache, kwa hiyo vipake mafuta au tumia vya silikoni. Oka kwa nyuzi 170, au 155 kama oveni yako ina feni, kwa dakika 18 hadi 20. Joto liko chini kuliko la mafini ya kawaida kwa makusudi: protini na sukari ya maziwa hugeuka kahawia upesi, na kwenye nyuzi 200 ganda litakuwa jeusi wakati ndani bado ni uji. Anza kukagua dakika ya 16. Kijiti kikitoka na chembe chache zenye unyevu, toa. Ukingoja kitoke kikavu kabisa umeshachelewa, kwani joto la ndani huendelea kupanda kidogo hata nje ya oveni. Mwenye kipimajoto atoe katikati ya mafini ikifika nyuzi 93.

Hesabu yake ni hii. Ngano inaleta protini gramu 12, oti 8, wei kama 46, mayai 12 au 13, mtindi 20, ndizi 1. Jumla ni karibu gramu 100, yaani gramu 10 kwa kila mafini, na kila moja ina karibu kilokalori 190. Weka gramu 60 nyingine za ngano mahali pa wei na kila mafini itabaki na gramu 6 hivi. Tofauti ipo, lakini si ya ajabu kama matangazo yanavyoimba, na sehemu nzuri ya protini hiyo imetoka kwenye mtindi na mayai ambayo mtu tayari anayo jikoni.

Na hapa ndipo penye ombi langu kwa gazeti, Mhariri. Maneno "protini nyingi" yasiandikwe juu ya pishi bila hesabu. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1924 ya mwaka 2006 inaruhusu bidhaa iitwe ya protini nyingi iwapo angalau asilimia 20 ya nishati yake inatokana na protini, na iitwe chanzo cha protini ikifika asilimia 12. Ni kipimo rahisi hata kwa jiko la nyumbani: zidisha gramu za protini kwa 4, gawanya kwa kilokalori zote. Mafini ya hapo juu yanapata asilimia 21, yaani yamepita kwa unywele tu.

Sasa pima biskuti za siagi ya karanga zinazosifiwa kila kona. Siagi ya karanga ina protini kama gramu 25 katika kila gramu 100, lakini pia ina mafuta kama gramu 50 na kilokalori zinazokaribia 600. Protini ni asilimia 17 tu ya nishati yake, kabla hujatia sukari. Changanya gramu 250 za siagi hiyo na sukari gramu 150 na yai moja, inashuka hadi asilimia 12 au 13. Ni biskuti tamu, sina ugomvi nazo. Lakini zikiliwa kwa jina la protini, mtu hula sita.

Keki ya kakao na maharage nayo ina hesabu ya namna hiyo. Maharage yaliyopikwa na kuchujwa gramu 240, mayai 3, kakao gramu 40, mafuta gramu 40, sukari gramu 100, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Saga vyote mpaka vilainike kabisa, mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20, oka nyuzi 170 kwa dakika 25. Vinatoka vipande 12, kila kimoja gramu 4 za protini. Karibu asilimia 14 ya nishati yake ni protini. Ni chanzo cha protini, pamoja na nyuzinyuzi ambazo wei haina hata chembe, na kwangu mimi hicho ni kitafunwa bora kuliko vingi vyenye namba kubwa kwenye jina. Ikibaki na chembechembe za maganda ulimini, haikusagwa vya kutosha. Hakuna dawa nyingine. Na maharage yawe yamechemshwa yakaiva kweli. Maharage mekundu mabichi yana lektini zinazoleta kutapika na kuhara, na joto la katikati ya keki si la kutegemewa kuzimaliza.

Kwa asiyetaka unga wa kopo kabisa, unga wa dengu unatosha. Una protini kama gramu 22 kwa kila 100, wakati ngano ina kama 10. Weka mahali pa robo hadi theluthi ya ngano, si zaidi, maana hauna gluteni. Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu kwa dakika tano, ukikoroga, mpaka unukie, kisha uupoze; hapo ule uchungu wa unga mbichi hupungua. Usiramberambe rojo lake. Unga mbichi na mayai mabichi vinaweza kubeba vimelea, na dengu mbichi ina ladha itakayokukatisha tamaa kabla hujaoka. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta nayo ni mazuri, gramu 40 zinaleta protini 14, ila zinakuja na sukari ya maziwa kama gramu 20 na huunguza ganda haraka. Ute wa yai, wenye protini gramu 3.6 kwa yai kubwa, usitumike peke yake: bila kiini keki hukauka. Kila ute wa mayai mawili uambatane na yai zima moja.

Mbegu za alizeti zilizosagwa zina kituko chake. Zikikutana na bekingi soda, keki hugeuka kijani ndani ikishapoa. Watu huitupa wakidhani imeoza, kumbe ni asidi ya klorojeniki iliyomo kwenye mbegu inayobadilika rangi palipo na alikali. Haina madhara. Punguza soda au tia kijiko cha maji ya limau.

Juu ya sukari niseme machache. Asali si njia ya kukwepa: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu pamoja na sukari huru, yaani zile zinazoongezwa kwenye chakula na zilizomo kwenye asali, sharubati na juisi, zinazotakiwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Stevia, kitamu kinachotokana na mmea, hutoa utamu bila ujazo wala unyevu, kwa hiyo ukiondoa gramu 70 za sukari na kuweka matone yake, umeondoa pia kilichokuwa kinalainisha keki. Kupunguza sukari kwa theluthi moja na kutegemea ndizi iliyoiva sana hufanya kazi vizuri kuliko kuiondoa yote. Maltitoli na sorbitoli, vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, zikizidi huendesha tumbo. Ksilitoli, kitamu kingine cha namna hiyo, ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo vipande vya keki yenye ksilitoli visiachwe mezani kwenye nyumba inayofuga.

Wapo wanaouliza kama oveni huua protini. Joto hubadili umbo lake, si asidi amino zilizomo, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini, na utumbo ungelivunja umbo hilo vyovyote vile. Kinachopungua kidogo ni lisini, mojawapo ya asidi amino hizo, pale ganda linapokuwa la kahawia iliyokolea. Sababu nyingine ya kutooka kwa moto mkali. Na kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani linakadiria gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mwenye kilo 60. Mafini mawili ni sehemu nzuri ya hizo. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza protini ya aina yoyote.

Kuhusu kuhifadhi: vitafunwa hivi vina unyevu mwingi, kwa hiyo siku moja mezani inatosha. Friji huvikausha na kuvifanya vigumu, hasa vyenye wei. Vikishapoa kabisa, vifunge kimoja kimoja na uvigandishe. Hukaa miezi miwili bila shida, na sekunde 20 hadi 30 kwenye maikrowevu huvirudishia ulaini. Ukiwapelekea wengine, andika juu ya kopo kilichomo. Wei ni maziwa hata kama haionekani, na mwenye mzio wa maziwa au karanga hawezi kuijua kwa macho.

Wako,
Msomaji na mwokaji wa nyumbani