Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Filamu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumekutana mara tisa, tumeonyesha filamu saba, tumenunua spika, tumechangia msiba mmoja. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni usiku tulioonyesha filamu ya Dziga Vertov, mwongozaji wa filamu wa Kisovieti. Uamuzi ule ulikuwa wangu, iandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Wengine mnasema hamkuelewa kitu. Jamani, si ninyi mnaolalamika kila mara kuwa maandishi ya tafsiri yanakimbia? Nikawatafutia filamu yake ya 1929, Man with a Movie Camera, isiyo na maandishi ya kufuatilia, isiyo na waigizaji wala hadithi. Vertov mwenyewe anatangaza mwanzoni kwamba ni jaribio. Moscow, Kyiv, Kharkiv na Odesa zimeunganishwa zikawa kama mji mmoja. Kamera inatembea yenyewe kwa miguu yake mitatu. Farasi wanagandishwa katikati ya mbio, halafu unamwona Elizaveta Svilova, mke wa Vertov, mezani na mkasi wake, akipanga picha. Ni kama mpishi anakuingiza jikoni kabla hujamaliza kula! Wakati huo nusu ya ukumbi mlikuwa nje mnakunywa chai.

Kuhusu Sh 180,000 za mpiga kinanda wa usiku ule: filamu haina sauti, na Vertov aliacha maelekezo ya muziki wa kuisindikiza. Mweka hazina alikuwa safarini, nikaidhinisha peke yangu. Wanaosema nilivuka bajeti wajue kwamba Vertov naye aliachishwa kazi Moscow mwaka 1927, matumizi yamezidi na skripti hataki kuandika. Studio ya Ukraine ikamchukua, ndipo filamu hii ikapatikana. Sijifananishi naye. Alifariki 1954 akiwa mhariri wa habari za sinema tu, lakini mwaka 2012 wahakiki wa jarida la filamu la Uingereza, Sight & Sound waliiweka filamu hiyo ya nane kwa ubora duniani.

Mahudhurio: kati ya wanachama 64, tulifika 17. Projekta niliibeba mwenyewe kwenye bajaji. Ada hawajalipa 41, wakiwemo wanne wanaopiga kelele zaidi kuhusu kinanda.

Mwakani, Mungu akijalia, tutapata ukumbi wenye mapazia, na pengine filamu ya Vertov ya 1931 kuhusu wachimba makaa wa Donbas, kule Ukraine. Hiyo ina sauti yake, kinanda hakitahitajika.

Naomba kuwasilisha.