Mhariri, tuulizieni nani alizima intaneti

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo chumba cha habari. Mimi nina steshenari hapa Kihonda, Morogoro, kompyuta mbili na printa moja ambayo ikijisikia inakula karatasi ya mteja, na nje nimefunga kamba ya magazeti, kila asubuhi nayabana kwa vibanio vya nguo watu wanakuja wanasoma vichwa vya habari bure afu wanaenda zao kazini. Gazeti lako nalibana la pili, la kwanza ni la michezo, usikasirike, ndo linalouza. Barua gazetini sijawahi kuandika, hii naiandika kwenye simu nikiwa nimeshafunga duka kwahiyo mpangilio mtanisamehe.

Nataka niongelee zile siku za giza, kuanzia Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025 mpaka Jumatatu ya tarehe 3 Novemba. Siongelei nani alishinda uchaguzi, hilo lina watu wake. Naongelea intaneti.

Ile Jumatano mtandao ulipokata mimi nilidhani bando limeisha. Nikanunua lingine, la wiki, maana nina wateja wa kutuma maombi ya kazi na wa kulipia kontroo namba, siwezi kukaa bila mtandao. Halikufungua hata picha moja. Jirani naye kanunua, wa saluni naye kanunua, kila mtu anadhani tatizo ni simu yake, mpaka jioni ndo tukaelewana kwamba hapana, ni nchi nzima. Lile bando lilikaa humo humo kwenye simu mpaka siku zake zikayoyoma, likafa bila kutumika, na hela yangu mpaka leo sijarudishiwa na kampuni wala sijaambiwa hata pole. Ni elfu chache najua. Lakini nikikopa mimi salio nachelewa siku moja tu, meseji zinakuja kama nimeiba ng'ombe.

Kuna mama mmoja anakaanga vitumbua pale kona, kijana wake yuko Dar anafanya kazi gereji. Huyo kijana laini yake ya kawaida ilipotea muda, hajaenda kuirenew, kabaki na wasapu tu ya namba ya zamani anaitumia kwa waifai ya hapo gereji. Sasa waifai imekufa, simu ya kawaida haipo, na habari zinazokuja kutoka Dar ni za moto, risasi na amri ya kutotoka nje usiku. Mama kaja dukani Alhamisi asubuhi mikono bado ina unga, ananiambia "baba, hebu niangalizie huyu mtoto." Nikafungua simu yake, ujumbe aliotuma jana yake una tiki moja. Pembeni imeandikwa umetumwa saa nne na dakika kadhaa asubuhi. Nikamwambia mama hapa hakuna kitu kinachoenda wala kinachorudi, kwa wote iko hivyo. Akanielewa. Akaondoka. Baada ya saa mbili kaja tena na ile ile simu, "hebu niangalizie tena."

Alikuja hivyo siku tano, Mhariri. Ijumaa hakukaanga vitumbua kabisa. Na mimi kazi yangu ikawa hiyo, kumfungulia simu, kumwonesha tiki moja, kumfungia.

Na katikati ya hapo sasa ndo uongo ukapata nafasi yake. Wanaozima wanasema wanazuia uvumi, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka langu nausikiliza uvumi ukizaliwa. Asubuhi mtu anapita anasema Dar kuna hivi, mchana mwingine anasema sio hivi ni vile, jioni idadi imezidishwa mara kumi. Ikasemekana benki zimeishiwa hela, watu wakajaa kwa wakala wa jirani mpaka kweli hela ikamuishia! Nani amkanushe nani wakati hakuna wa kumuuliza? Redio nafungua inanipigia muziki. Sina ubaya na muziki, ila saa ile nilitaka mtu mmoja tu aseme kwa jina lake na cheo chake, mahali fulani kumetokea moja mbili tatu, waliokufa ni hawa, waliolazwa wako hospitali hizi, piga namba hii kumtafuta mtu wako. Mzee mmoja alileta redio yake ya betri tukaanza kutafuta idhaa za nje, yaani mwaka 2025 tumekaa tunazungusha kisahani cha redio kujua kinachotokea umbali wa saa nne kwa basi.

Jumatatu jioni simu ikaanza kutetemeka mezani mpaka ikaanguka chini. Za watu wote dukani zikalia kwa pamoja. Mama wa vitumbua kaja mbio hata kitenge hakijakaa vizuri, tukasubiri, tiki ya pili ikaja. Muda kidogo ikaja sauti, kijana anasema mama mi mzima, tulilala hukuhuku gereji, tumekula mihogo tu. Mama akaisikiliza mara tatu simu kaibana sikioni. Nilimshukuru Mungu kwa kweli, maana wapo waliowashiwa mtandao halafu tiki ya pili haikuja.

Afu kwenye simu hizo hizo tukakuta na ujumbe wa kutuonya tusisambaze picha na video za kuleta taharuki, ni kosa. Mama kaniuliza, na alikuwa hatanii, "sasa nikimtumia shangazi yake hii sauti nitakamatwa?" Nikacheka lakini jibu sikuwa nalo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inasema ukichapisha taarifa za uongo faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Taarifa za uongo. Na mkweli ni nani wakati waliokuwa na jukumu la kusema walinyamaza? Watu walikufa, Rais mwenyewe alitoa pole bungeni mwezi huo huo wa Novemba, lakini yule aliyesema hivyo hivyo wiki mbili kabla, pale mtaani, alionekana mchochezi.

Wapo wateja wangu wanaonipinga, na sio wajinga. Mmoja mwalimu, ananiambia bila kuzima nchi ingewaka, vijana walikuwa wanapangana mtandaoni wapi pa kukutana. Sawa. Lakini ilizimwa na bado watu waliingia barabarani, vitu vikachomwa na watu wakafa. Kilichozimika ni macho ya sisi wengine. Na hata kama angekuwa sahihi kwa saa tatu za kwanza, siku tano ni za nini? Mtandao umerudi siku ile ile ya kuapishwa Rais Dodoma, hiyo nayo ni bahati?

Mimi nadhani tulizoeshwa kidogo kidogo. Nauza magazeti muda mrefu na kumbukumbu yangu iko kwenye ile kamba. Januari 2016 tulitangaziwa kwamba TBC haitaonesha tena Bunge mubashara, sababu gharama, tukawa tunaletewa kipindi cha usiku kilichokatwakatwa. Watu walilalamika wiki mbili, wakazoea. Mwaka uliofuata vibanio vikaanza kubaki vitupu, Mawio likafungiwa miaka miwili, MwanaHalisi likafungiwa miaka miwili, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90 na mwaka 2020 likafutiwa leseni kabisa. Wateja walikuwa wanauliza limeenda wapi, mwezi wa pili hawaulizi tena. Februari 2022 leseni zikarudishwa, nikashangilia, lakini gazeti lililokaa kaburini miaka hiyo yote halirudi na wasomaji wake wala waandishi wake. Na Novemba 2017 mwandishi Azory Gwanda alichukuliwa kule Kibiti, mpaka leo hatujui yuko wapi.

2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kulikuwa na kijana anakuja hapa kwangu kuhariri video, anarekodi mechi za ligi ya kata, mara mojamoja anamhoji diwani kuhusu mtaro uliobomoka. Akaambiwa ili aendelee anatakiwa leseni. Ukijumlisha fomu, leseni na ada ya mwaka ni milioni 2 na laki 1. Kamera yake haikufika laki nne! Akaacha, siku hizi yuko bodaboda, na mtaro hauna wa kuuhoji. Ada zimekuja kupunguzwa baadaye lakini yule keshaondoka. Hivi ndo mtu ananyamazishwa kwetu, hapigwi, anaoneshwa bei.

Uchaguzi wa 2020 mitandao ikabanwa. Oktoba 2024 Mwananchi wakasimamishiwa huduma zao za mtandaoni siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa watu waliopotea. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba 2025 JamiiForums, ule mtandao wa mijadala, siku 90. Kwahiyo ilipofika Oktoba 29 hatukushtuka vya kutosha, nasema ukweli, tulishajifunza kuishi na VPN, zile programu za kupitia palipofungwa, kama tunavyoishi na mgao wa umeme.

Wenzetu Kenya hawana malaika, Juni 2025 tu Albert Ojwang, mwalimu anayeandika mtandaoni, alifia mikononi mwa polisi Nairobi, na mwanzo tuliambiwa kajigonga mwenyewe ukutani. Lakini tarehe 25 mwezi ule ule mamlaka yao ya mawasiliano ilipoamuru vituo viache kurusha maandamano mubashara na NTV na KTN zikatolewa hewani, watu walikimbilia mahakamani na amri ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, Mhariri. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo mwaka 2020 iliwaambia Togo kwamba kuzima intaneti mwaka 2017 ilikuwa kinyume cha sheria na ikawaamuru walipe fidia. Sisi wenyewe Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilishasema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sio kwamba hakuna njia.

Wanafunzi wa uraia huwa wanakuja kutoa kopi ya Katiba hapa, kwahiyo nakala ninayo chini ya meza, na siku moja mashine imekwama nikaanza kuisoma. Ibara ya 18. Inasema kila mtu ana uhuru wa kuwasiliana na haki ya kutoingiliwa mawasiliano yake, na ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote! Haijaandikwa isipokuwa wiki ya uchaguzi. Najua ibara ya 30 iko na mipaka yake, wanasheria watanikumbusha, ila mipaka hiyo nayo inataka sheria, sio mtu kunyanyua simu.

Na wewe Mhariri nikuguse kidogo. Magazeti yalipoanza kunifikia tena baada ya zile siku, kurasa za mbele karibu zote zilikuwa za sherehe ya kuapishwa. Sikulaumu sana, najua leseni yako inahuishwa kila mwaka na una watu wa kuwalipa. Lakini wateja wangu walisimama mbele ya ile kamba, wakasoma vichwa vyote kutoka kushoto mpaka kulia, wakaangaliana, wakaondoka. Hakuna aliyenunua, hata la michezo.

Novemba 2025 iliundwa tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mimi ombi langu ni dogo, tumeni mwandishi mmoja akaulize pale kuhusu kuzimwa kwa intaneti na asiondoke na jibu la usalama wa taifa peke yake. Nani aliamuru, aliandika au alipiga simu, alitumia kifungu gani, kwanini siku tano, makampuni yalijibu nini, na yale mabando yetu hela zilienda wapi. Akijibiwa andikeni, akifukuzwa mlangoni andikeni kwamba kafukuzwa. Toleo hilo nitalibana kibanio cha kwanza na la michezo litasogea, na nakala moja mama wa vitumbua kashaniambia nimwekee, anataka yule kijana wake aisome.

Mwenye steshenari,
Kihonda, Morogoro