Wageni wa Linux waanzishiwe dukani, si kwenye amri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu. Windows 10 ilipofikia kikomo cha huduma Oktoba 14, 2025, mjukuu wangu aliniwekea Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye kompyuta yangu kuukuu. Imekuwa nyepesi ajabu, sina lawama hapo. Balaa lilianza siku nilipotaka programu ya kukatia rekodi za sauti, naye mjukuu yuko safarini.

Nilifanya nilivyozoea miaka yote: nikaingia kwenye tovuti, nikapakua faili, nikalibofya mara mbili. Kimya. Kumbe faili la AppImage, yaani programu ya Linux iliyofungwa yote ndani ya faili moja, halifunguki mpaka uende kwenye sifa zake uliruhusu liendeshwe kama programu. Ningejuaje?

Nikageukia makala niliyoikata gazetini mwenu. Ilisema nifungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, niandike “sudo apt install” na jina la programu. Nikaandika. Nikaulizwa neno la siri, nikabonyeza herufi, hakuna kilichoonekana, hata kinyota kimoja. Nikajua kibodi imekwisha chaji, nikaenda kutafuta betri mpya. Niliporudi hali ni ile ile. Kumbe herufi zinaingia, ila zimefichwa makusudi. Basi nikakubaliwa, halafu mashine ikaniambia kwa Kiingereza kwamba inasubiri kufuli lililoshikwa na mchakato namba kadhaa. Kufuli gani tena? Mimi sikufunga kitu! Mjukuu aliponipigia jioni alicheka sana: mfumo ulikuwa unajisasisha chinichini, na kazi mbili za kusakinisha haziendi pamoja. Si wangeandika tu “Subiri, masasisho yanaendelea”?

Kilichoniuma ni kwamba duka la programu lilikuwa pale pale pembeni mwa skrini, na programu yangu imo, ina kitufe cha kusakinisha. Wajuzi wanabishana kuhusu Flatpak na Snap, njia mbili za kufungasha na kusambaza programu za Linux. Wabishane, lakini mgeni aonyeshwe kwanza kitufe hicho. Namwomba mwandishi wenu wa teknolojia aanzie hapo safari ijayo, amri zije baadaye kwa anayezitaka. Na wanaojitolea kutafsiri Linux kwa Kiswahili waanze na ujumbe wa makosa kabla ya menyu. Menyu mtu anaweza kubahatisha.

Betri za zamani, kwa taarifa yenu, zilikuwa nzima.

Mwalimu mstaafu