Ardhi ya mabasi yaendayo haraka Dodoma itengwe sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu mpango wa kuleta mabasi yaendayo haraka jijini Dodoma, ambao viongozi wamekuwa wakiutaja kwa miaka kadhaa sasa. Mazungumzo mengi ninayoyasikia ni ya mabasi yenyewe, nauli, na nani atapewa kazi ya kuyaendesha. Hayo yana wakati wake. Lisiloweza kusubiri ni ardhi ya njia, vituo na karakana, kwa sababu kila mwezi unaopita bila ramani iliyopitishwa viwanja vinapimwa, vinauzwa na kujengwa mahali ambapo baadaye tutataka kupitisha mabasi.

Wazo lenyewe si geni kwa mji huu. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, wataalamu kutoka Kanada waliandaa mpango kabambe wa mwaka 1976, na ndani yake usafiri wa umma ndio uliokuwa uti wa mgongo: njia za mabasi peke yake ziunganishe makazi, na mtu afike kituoni kwa miguu au kwa baiskeli. Njia hizo hazikujengwa kama zilivyochorwa. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ilivunjwa mwaka 2017, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta wakazi zaidi ya 765,000. Kwa hiyo tunarudia kupanga jambo lililokwisha kupangwa, safari hii tukiwa na nafasi ndogo zaidi.

Dar es Salaam imetuonyesha pande zote mbili. Awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 kwa njia na matawi yenye urefu wa kilomita 20.9, ilithibitisha kwamba basi likipewa njia yake huwafikisha watu mjini huku magari mengine yakiwa kwenye foleni. Lakini karakana iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zimeifanya ifurike mara nyingi, abiria wakaachwa vituoni. Tena mwaka 2017, nyumba nyingi za kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, baada ya mvutano wa miaka mingi kati ya wakazi na serikali juu ya upana wa hifadhi ya barabara. Familia zilizojenga kwa jasho la maisha yao ziliwekewa alama ya X ukutani. Sitaki kuiona alama hiyo huku kwetu Dodoma, Nzuguni wala Ihumwa.

Wapo watakaosema kwamba hapa Dodoma barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ina hifadhi ya kutosha, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatoa mita 30 kila upande. Ni kweli kwa karatasi. Ukiitazama hifadhi hiyo kwa macho, utakuta humo humo zimo nguzo za umeme, mabomba ya maji, mitaro, maegesho ya bajaji na biashara za watu. Kibanda huanza kwa magunia mawili ya mkaa na mwavuli. Baada ya muda huja mabati, kisha ukuta wa tofali, na mwenye kibanda akishalipishwa ushuru huamini, na si kosa lake, kwamba ametambuliwa. Kumhamisha wakati wa magunia ni mazungumzo ya siku moja. Akishafikia ukuta wa tofali, itakuwa kesi na fidia.

Jambo la pili ni njia ipite wapi. Rahisi ni kuchora mstari mmoja kutoka katikati ya jiji hadi Mji wa Serikali Mtumba. Mstari huo ukiachwa peke yake utajaa asubuhi kwenda na jioni kurudi, na saa sita mchana mabasi yatazunguka na viti vitupu, kwa kuwa utamhudumia zaidi mtumishi wa ofisini. Wenye safari za kutwa nzima ni wengine: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wagonjwa na wauguzi wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wachuuzi wa Soko la Job Ndugai, na abiria wa mikoani wanaoshuka stendi kuu na mizigo yao. Soko na stendi viko jirani na barabara kuu, lakini chuo na hospitali viko kando yake, na bila tawi la kuvifikia, mgonjwa atashuka basi la haraka na kuanza kutafuta bodaboda. Tawi hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana barabara kuu ina walau mawe yake ya mipaka, ilhali tawi ambalo halijachorwa halina hata jiwe moja.

Kuhusu karakana nitasema kwa ufupi: Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha, maji huja kwa nguvu kupitia makorongo ambayo mgeni hudhani ni njia za mchanga. Wakazi wa Nkuhungu wanajua maji yanavyosimama. Wapimaji wawaulize wenyeji kabla ya kuchagua eneo tambarare la bei nafuu.

Ninaomba basi Halmashauri ya Jiji, TANROADS (Wakala wa Barabara) na Wizara ya Ardhi wakubaliane juu ya ukanda wa ardhi ya mabasi hayo, hata kama fedha za ujenzi hazijapatikana, na ramani yake ibandikwe katika ofisi ya kila kata inayoguswa, ikionyesha vituo, matawi, karakana na sehemu za daladala kushushia abiria. Vibali vya ujenzi ndani ya ukanda visimamishwe kuanzia siku hiyo, na wenye viwanja ambao tayari wana hati wafanyiwe tathmini na kulipwa sasa, wakati viwanja vingi bado ni vichaka na msingi haujachimbwa.

Mkazi wa Ihumwa,
Dodoma