Shangazi, ameniambia "kwako inatosha" na sasa silali

Shangazi shikamoo. Saa hii ni saa kumi usiku, mama watoto amelala na mimi niko huku dukani, kesi ya kompyuta iko wazi mbele yangu, feni ya kadi ya picha (graphics card, ile inayochora gemu kwenye skrini) nimeifunga na raba ya kufungia noti. Ni GTX 1050 Ti, memori GB 4, kadi ya 2016, imenivumilia sana bambi. Mchana hii mashine inaprinti barua za watu, usiku ndo nacheza.

Shida si kadi. Au ni kadi, hata sijui. Yule dogo, mtoto wa baba mdogo, ambaye ni mimi nilimfundisha kufungua kesi akiwa senior two tukipangusa vumbi na brashi ya rangi, leo anafanya kazi za kompyuta Kampala na amejinunulia kadi kubwa. Juzi kwenye kikao cha familia, mbele ya wazee na mke wangu akiwepo, akasema kaka nakutumia ile RTX 3060 yangu, iko tu kwenye droo, kwako inatosha. Watu wakapiga makofi ati mtoto ana moyo. Na mimi nikapiga, ningefanyaje.

Sasa mimi nina milioni moja na laki sita kwenye sacco, jasho langu, na nataka RTX 4060 mpya ya kwenye boksi. Si kiburi Shangazi, nina sababu. Hiyo 4060 ni ya 2023, yake ni ya 2021. Hiyo ninayoitaka inakula wati 115, yake 170, nimepiga hesabu masaa manne kila usiku tofauti ni kama yuniti 7 za yaka, huu umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi, na yaka nanunua mimi, si yeye. (Sichezi kila usiku, lakini hesabu ni hesabu.) Halafu 4060 ina ile DLSS 3 ya kuongeza fremu, yaani picha za ziada, katikati ili gemu iende laini, 3060 haina. Ukweli monita yangu ni ya hezi 60, inaonyesha fremu 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo zikizidi hapo sizioni, lakini monita si nitabadilisha siku moja?

Najua utaniambia 3060 ina memori GB 12 na 4060 ina 8. Hilo najua, nisifundishwe. Na najua mazabodi yangu ni ya B450, njia yake ya kuunganisha kadi ni PCIe ya tatu, ya zamani kidogo, na 4060 inatumia leni 8 tu za hiyo njia badala ya 16, kwa hiyo memori ikijaa kwenye gemu mpya itaanza kukatakata. Hata hilo dogo alishanieleza kwa simu, polepole vile, kama mtu anaongea na mzee. Kwako inatosha! Kwani mimi ni nani wa kutoshewa? Fizi zake za senior five na six nani alilipa muhula mbili nzima, nilitaja hilo kwenye kikao? Sikutaja.

Na si gemu tu, naedit video za harusi. Nimeedit mbili.

Sasa kuna hizo pesa. Mama watoto anajua ni za mabati ya chumba cha nyuma, na ni kweli zilikuwa za mabati mpaka hiyo juzi, sasa tangu kikao ananiambia shukuru Mungu umepata kadi ya bure mabati tutanunua, na mimi nanyamaza. Nikinunua 4060 nitamwambia nini? Nilifikiria hata niipokee hiyo ya dogo, niiuze, niongezee, halafu akija Krismasi aikute mpya aniulize mwenyewe. Huo ni uongo au si uongo?

Ameshaituma, Ijumaa inafika na basi, eti ameifunga kwenye sweta lake la shule la zamani isigongwe. Hilo sweta ni mimi nilinunua.

Shangazi nijibu kabla ya Ijumaa. Niambie nimjibu nini, maana nimeandika asante kwenye simu nikafuta mara tatu. Na hiyo 3060, pawasaplai yangu ya wati 450 itaibeba kweli au nibadilishe kwanza?