Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Shamba la Bondeni, Debe la Mbegu na Ada

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa Handeni, habari za kazi. Naiweka taarifa kwa maandishi kwa sababu mkutano mkuu umeitishwa mara mbili na akidi haikutimia, wakati ajenda mlizidai nyie wenyewe: shamba la bondeni tunalopimia mbegu za mbaazi, debe la mbegu tuliyovuna pale, na ada.

Shughuli za kawaida mnazijua, masika tulipanda, palizi ikafanyika, mbaazi za pamoja zikauzwa, maonyesho ya wakulima ya nanenane Morogoro tulienda, kwenye misiba tumechangiana. Hesabu ni hivi, tuko 64, ada ni 12,000, waliomaliza ni 23 na waliolipa nusu ni 9, jumla 330,000. Kukodi shamba 120,000, palizi 90,000, nauli 60,000, madaftari na debe la kuhifadhia 25,000, mhazini anabaki na 35,000. Risiti zote anazo.

Sasa nije kwenye hili ninalosemwa nalo kila kijiwe. Wanasema mwenyekiti katoa laki na ishirini kukodi nusu eka ya bondeni ambayo kila mtu anajua mbaazi zilifia pale. Ndiyo, niliikodi nikijua na kamati ikasaini. Kilichoziua ni mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu wa udongoni, anakaa mle miaka hata usipopanda mbaazi, anaingilia kwenye mizizi anaziba njia za maji, mti unakauka wakati ndo unaweka maua na maganda. Ukipasua shina kwa kisu unaona michirizi myeusi kwa ndani kana kwamba mtu kachora na mkaa. Sasa unataka kujua mbegu ipi inastahimili, utaipima kwenye shamba lisilo na ugonjwa? Kule kila mbegu itaonekana nzuri. Watafiti wa mbaazi nao wanatunza mashamba yenye ugonjwa makusudi kwa kazi hiyohiyo. Na wanaosema tungenunua tu ile aina ya mbaazi inayoitwa Mali, ni kweli inahimili mnyauko na Babati wanaitegemea, ila ni ya muda mrefu na imezoea ubaridi, kwenye joto la huku inachelewa kutoa maua, ndo maana nilisimama kidete tupime na hizi zetu za asili.

Halafu debe. Miti iliyobaki hai tulivuna debe moja pungufu kidogo, jioni ileile watu wakaja na vifuko vyao nikakataa kugawa, tangu hapo naitwa mbinafsi. Jamani, kuvu hajasambaa sawasawa shamba zima, mti unaweza kubaki kwa sababu mizizi yake haikukutana naye, siyo kwamba una kinga. Na mbaazi nyuki wanazichanganya, punje ya mti mzuri baba yake anaweza kuwa mti uliokufa mstari wa pili. Ningegawa mngepanda, zingekufa, na lawama zingerudi kwangu. Mbegu ile inarudi bondeni palepale ipimwe tena.

Anayeona msimu mmoja ni mwingi aangalie adesi, hizi nyekundu tunazonunua madukani. Nanenane mimi ndiye niliyekaa na mtaalamu mpaka akanielewesha vizuri, wenzangu walikuwa kwenye matrekta. Canada wanalima adesi nyingi sana za kuuza nje na ugonjwa wa chule unawasumbua, nao unaletwa na kuvu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan wakapekua adesi za shambani, kwa ile chule kali kabisa kinga ya maana hawakuiona, wakaja kuipata kwa ndugu yake wa porini anaitwa Lens ervoides, kijimmea chembamba chenye punje ndogo mno. Ukivichavusha pamoja kiinitete, yaani kile kimche kichanga cha ndani ya punje, kinafia ndani ya ganda, kwa hiyo wanakitoa kikiwa kichanga wanakilea maabara. Kikipona kinakuja na kinga pamoja na mabaya ya porini, punje ndogo, maganda yanapasuka yanamwaga mbegu, ikabidi wakirudishe kwa adesi ya shambani tena na tena na kila kizazi wanakipa ugonjwa makusudi waone kipi kinabaki. Hiyo ni kazi ya miaka mingi na pesa nyingi. Sisi maabara hatuna, ila kupima kwenye ugonjwa na kutogawa kabla hatujahakikisha, hilo tunaliweza.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Siku ya kuhesabu miti iliyokufa, kila mstari na kitambaa chake cha rangi, tulifika saba, wanne kina mama, nawashukuru sana. Waliosema sana kwenye grupu la wasap hakuna hata mmoja aliyekanyaga bondeni, na wengi wao ada hawajalipa. Mtu hajachangia hata shilingi anadai mgao wa mbegu, hilo sitalikubali nikiwa mwenyekiti.

Mwakani Mungu akijalia tunatarajia kuongeza aina za mbegu, kumwita bwana shamba mara kwa mara, na ikiwezekana kupata ghala letu. Madeni ya ada yapelekwe kwa mhazini kabla ya masika. Debe liko kwa katibu, limefungwa, anayetaka kuliona aende mchana.